Kabla Sijakuuzia Kidonge cha Fangasi, Niambie Kuhusu Moyo Wako

Mwezi uliopita, jua la saa saba likiwaka, aliingia mama mmoja famasini kwetu hapa Ngamiani, Tanga, akaomba kidonge kimoja cha flukonazoli. Ni dawa inayoombwa kila siku, mara nyingi kwa sauti ya chini, kwa ajili ya fangasi za ukeni. Nikamuuliza, "Kuna dawa nyingine unatumia, mama?" Akasema hakuna. Nikamuuliza kwa njia nyingine: kuna kliniki yoyote unahudhuria? "Ah, ya moyo tu." Alipofungua mkoba nikaona wafarini, digoksini (dawa ya kuupa moyo nguvu na kupunguza kasi yake) na dawa ya kutoa maji mwilini. Kwake hizo hazikuwa dawa tena. Alikuwa ameshazizoea kama chai ya asubuhi.

Sikumpa kile kidonge. Hakufurahi, na ninamwelewa: nyuma yake kulikuwa na watu, na shida yenyewe ni ya siri. Ninaandika haya kwa ajili yake, na kwa kila mwanamke mwenye matatizo ya mapigo ya moyo anayeona tunamsumbua kwa maswali mengi kaunta. Yapo mambo ambayo dawa hizi humfanyia mwanamke tofauti na zinavyomfanyia mwanamume, na muda mrefu madaktari wenyewe hawakuyajua vizuri.

Nianze na wafarini, maana ndiyo iliyonitisha siku ile. Wafarini huzuia damu kuganda. Mtu ambaye vyumba vya juu vya moyo wake vinatetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio, damu hutuama humo, ikaganda, na bonge likiponyoka likapanda kichwani ndipo kiharusi. Kwa hali hiyo hatari ya kiharusi hupanda karibu mara tano. Wafarini huikata hatari hiyo vizuri sana, ila inataka kipimo kiitwacho INR kikae kati ya 2 na 3 kwa wagonjwa wengi. Chini ya hapo damu inaganda, juu ya hapo mtu anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Sasa flukonazoli huzuia ini lisiivunje wafarini kwa kasi yake ya kawaida. Wafarini inarundikana mwilini ilhali mgonjwa hajaongeza hata chembe ya dozi. Flagyl na Septrin hufanya vivyo hivyo. Angalieni hapo: fangasi, uchafu ukeni, UTI. Magonjwa yanayowaleta wanawake dukani bila cheti cha daktari ndiyo yanayotibiwa kwa dawa zinazogombana na wafarini. Mwanamume mwenye moyo kama huo hukutana na mtego huu mara chache mno.

Yule mama nilimpa vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, nikamwomba asikose siku yake ya INR. Wala si kila dawa ya kupaka au kuweka ni salama: mikonazoli, hata ikiwekwa ukeni, inaweza kupandisha INR.

Kwetu huku wafarini si dawa ya wazee peke yao. Ulaya na Marekani, mgonjwa wa mapigo yasiyo na mpangilio mara nyingi ni mzee wa miaka 70 na kitu. Huku kwetu wengi ni wanawake wa makamo au vijana kabisa, ambao milango ya moyo iliharibika baada ya mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao INVICTUS, uliofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwa wagonjwa wa aina hii zaidi ya 4,500. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 50 hivi, na katika kila 100, wanawake walikuwa kama 72. Wengi tulitarajia kwamba rivaroksabani, dawa mpya isiyohitaji kupimwa INR, ingeshinda. Haikushinda. Waliotumia wafarini na dawa za jamii yake walifariki wachache zaidi, bila kuvuja damu zaidi. Kwa hiyo, dada yangu uliyechoshwa na foleni ya kipimo, ukisikia jirani kabadilishiwa dawa akapata ile "isiyo na masharti", usiibadilishe mwenyewe. Huenda yeye ana tatizo lingine kabisa.

Na kama uko katika umri wa kuzaa, sema mapema. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati ambao wengine ndiyo kwanza wanahesabu siku zilizochelewa. Usiache dawa ghafla kwa hofu, maana kuacha nako ni kukaribisha bonge la damu. Ongea na daktari kabla ya kubeba mimba, apange dawa mbadala. Hedhi nayo ikianza kuwa nzito kuliko zamani, tuambie. Wapo wanaovumilia miezi hadi wanapungukiwa damu, kisha wanalaumu uchovu kwamba ni wa moyo.

Jambo la pili ni umeme wa moyo wenyewe, na hapa tofauti ya mwanamke na mwanamume iko ndani kabisa ya mwili. Kila baada ya pigo, moyo hujichaji upya kabla ya pigo linalofuata. Muda huo, tangu pigo lianze mpaka moyo uwe tayari tena, husomwa kwenye karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na huitwa QT. Mwingereza Henry Bazett alishaona mwaka 1920 kwamba QT ya wanawake ni ndefu kidogo. Watoto wa kike na wa kiume wanalingana. Ni wakati wa balehe ambapo homoni za kiume huifupisha ya wavulana. Urefu huo si ugonjwa, lakini maana yake ni kwamba mwanamke ana akiba ndogo. Dawa ikija kuirefusha QT zaidi, yeye hufika ukingoni kabla ya mwanamume, na akivuka ukingo moyo unaweza kuingia katika mbio za hatari zinazomwangusha mtu na hata kumuua. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walikusanya visa 332 vya mbio hizo vilivyosababishwa na dawa za moyo. Asilimia 70 walikuwa wanawake.

Inauma kusoma hivyo, maana dawa hizo zilitolewa ili kutuliza mapigo. Sotaloli ni mojawapo: kwa mwanamke inahitaji ECG kabla na baada ya kuanza, na figo zipimwe. Si dawa za moyo tu. Erithromaisini na azithromaisini za kifua, baadhi ya dawa za malaria, domperidoni ya kichefuchefu, haloperidoli ya akili, na flukonazoli ileile, zote zinaweza kurefusha QT. Moja peke yake kwa mtu mzima wa afya kwa kawaida haina neno. Shida ni zikipandana, mbili au tatu, kwa mwanamke ambaye ameharisha siku nzima au anatumia dawa ya kutoa maji, kwa hiyo potasiamu yake, madini yanayotuliza umeme wa moyo, imeshuka. Mwaka 2001 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani iliangalia dawa 10 zilizoondolewa sokoni kuanzia 1997, ikakuta 8 kati yake ziliwahatarisha wanawake zaidi. Baadhi ziliondolewa kwa sababu hii hii ya QT, na mbili zilikuwa dawa za mafua ya mzio tu. Tusishangae sana: kuanzia 1977 mpaka 1993 mwongozo wa huko uliwaweka kando wanawake wanaoweza kuzaa katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa.

Digoksini nayo ina habari yake. Mwaka 2002 data za jaribio kubwa la wagonjwa ambao moyo umechoka kusukuma damu zilichambuliwa upya kwa kuwatenganisha wanawake na wanaume. Kati ya wanawake waliopewa digoksini walifariki asilimia 33.1, na kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 28.9. Kwa wanaume hapakuwa na madhara hayo. Uchambuzi uliofuata ulielekeza kidole kwenye kiasi cha dawa katika damu: mwili mdogo na figo zinazochuja polepole huibakiza zaidi. Ndiyo maana mwanamke mwembamba au mzee mara nyingi huandikiwa nusu ya kidonge. Ukiona umepewa nusu na shemeji yako anameza kizima, hujapunjwa. Ukianza kukosa hamu ya kula, kutapika, au kuona vitu vina rangi ya njano, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kuhusu tiba za hospitali nitasema machache, kwa kuwa si kazi yetu. Ile ya kupitisha waya kwenye mshipa wa paja na kuchoma sehemu ya moyo inayotoa umeme wa ovyo, wanawake hupelekwa wakiwa wamechelewa na wakiwa na umri mkubwa zaidi, na hupata matatizo ya kuvuja damu zaidi ya wanaume. Habari njema iko kwenye betri za moyo zenye nyaya za kuoanisha pande mbili za moyo uliochoka: hizo wanawake hunufaika nazo kuliko wanaume, ingawa katika majaribio walikuwa wachache. Betri za moyo hupandikizwa hapa hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Hilo la kuchelewa linanikera kuliko yote. Kuna aina ya moyo kwenda mbio ghafla, kama mtu amewasha swichi, kisha mbio zikakoma ghafla, na huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume. Utafiti mmoja wa Marekani wa 1997 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa hao hawakutambuliwa mara ya kwanza, na wanawake ndio walioambiwa zaidi kwamba ni hofu. Huku huambiwa ni mawazo, ni presha ya kushuka, au ni jini. Dada mmoja alizunguka miaka na vidonge vya usingizi kabla ya mtu kumpiga ECG akiwa katikati ya mbio zenyewe.

Hapa kwetu tunapima presha na mapigo bila malipo. Hatutumii mashine peke yake, kwa sababu mashine nyingi za presha huchanganyikiwa mapigo yakiwa ya ovyo. Tunashika mkono na kuhesabu dakika nzima. Nyumbani unaweza kufanya hivyo pia: vidole viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, ukitazama saa. Ukiwa umetulia, 60 hadi 100 ni kawaida. Andika idadi, andika na saa mbio zilipoanza na zilipokwisha, kama ulikuwa karibu na hedhi au mjamzito. Karatasi hiyo humsaidia daktari kuliko maneno "moyo unanienda mbio". Ukianguka, ukabanwa na kifua, ukashindwa kupumua, au mdomo ukapinda na mkono ukalegea, pita moja kwa moja hospitali, usipitie kwetu.

Siku nyingine zote, njoo na mfuko wako mzima: za kliniki, za kifua, za uzazi wa mpango, za majani kutoka kwa mganga, hata kama unakula balungi kila asubuhi, maana balungi hupandisha amiodaroni, dawa nyingine ya kutuliza mapigo, mwilini. Ukiona kaunta ina watu, sema tu "nataka kuongea pembeni". Kuna kiti nyuma ya pazia, na anayekaa hapo kukusikiliza ni mwanamke.