Msimamizi wangu bado yuko kikaoni

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa kidato cha pili na sijawahi kuwaandikia. Ile habari yenu ya Jumatano, kwamba wanafunzi wa uzamili wanachelewa kuhitimu kwa sababu ya uhaba wa wahadhiri, imenikaa kooni. Uhaba upo, sikatai. Ila wa kwangu yupo, ana ofisi, ana kiti cha kuzunguka, na mlangoni kabandika karatasi: "Nipo kikaoni." Selotepu yake imeshageuka rangi ya ugoro.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, najisomesha kwa mshahara wangu. Rasimu ya utafiti nilimkabidhi msimamizi Februari, ikarudi Septemba. Katika kurasa 94 alikuwa amegusa neno moja tu, tena kwenye kichwa cha kazi: kakata "nafasi", kaandika "mchango". Nikarekebisha, nikarudisha. Miezi minne baadaye kakata "mchango", kaandika "nafasi". Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapanda basi kutoka Kondoa hadi Dodoma, nikaunga na treni ya umeme mpaka Dar es Salaam, nikakaa siku tatu koridoni kama mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara. Kila nikimuuliza katibu muhtasi, jibu ni lile lile: "Dokta katoka sasa hivi tu." Siku ya tatu mpwa wangu, anayesoma chuo kingine hapo hapo jijini, akanitumia picha. Dokta huyo huyo yuko mbele ya darasa lao, maiki mkononi, anafundisha kwa malipo ya kipindi. Kumbe ndicho kikao chenyewe! Nikarudi Kondoa na ada ya muhula mwingine shingoni, maana chuo hakiulizi nani kachelewesha, kinauliza nani hajalipa.

Sisi wa sekondari, mdhibiti ubora akiingia getini, unatoa azimio la kazi, unatoa andalio la somo, na saini yako iwemo kwenye daftari la mahudhurio. Ukikosa, unajieleza kwa maandishi. Huko juu, mtu hupanda kutoka mhadhiri kuwa mhadhiri mwandamizi kwa makala alizochapisha kuliko kwa kitu kingine. Mwanafunzi aliyesota koridoni hampi mtu cheo. Nani basi ahangaike naye?

Na hayo madesa! Binti yangu yuko mwaka wa kwanza. Juzi kaelekezwa steshenari akatoe kopi notisi za somo, kaja nazo nyumbani likizo, zinasema Tanzania ina mikoa 26. Katavi, Geita, Njombe na Simiyu ni mikoa tangu 2012, Songwe tangu 2016. Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza akiandika 26 namkosesha, na mama yake akija kulalamika namkosesha tena mbele yake.

Wizara isihangaike kuunda tume, maana tume nayo itakuwa na vikao. Mimi natoa kaunta buku moja ya kwaya tatu, nimeshaipiga mistari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini. Ifungwe kwa mnyororo mlangoni kwa Dokta. Kalamu ikae kwa mlinzi wa jengo, ndiye pekee niliyemkuta kazini siku zote tatu.

Mwalimu wa sekondari,
Kondoa