Asante, mwalimu wa Excel ambaye hatukupata jina lako

Asante sana, mwalimu uliyeshika zamu siku ya mwisho ya kozi ukaondoka bila kutaja jina. Ulichotuonyesha hakikuwemo kwenye kijitabu: namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na ikiandikwa bila vistari Excel hutunza 15 tu, zinazofuata inazigeuza sifuri kimyakimya. Ukibadili seli kuwa Text baada ya kuandika umeshachelewa, tarakimu hazirudi. Chagua kwanza safu wima nzima, bonyeza Ctrl+1, chagua Text, ndipo uandike. Hapo hata namba ya simu hubaki na 0 yake ya mwanzo. Kozi zote zingeanzia hapa, kabla ya rangi na mapambo ya jedwali. Mungu akubariki popote ulipo.