Jicho la Wodini

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umemaliza miezi mitatu wodini na bado huna lile jicho la wauguzi wazoefu, la kumtazama mgonjwa na kujua kwamba hayuko sawa, hata umeanza kuamini kwamba walizaliwa nalo. Hawakuzaliwa nalo, mdogo wangu.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilipokea mgonjwa aliyetoka kupasuliwa tumbo. Presha ilikuwa 118 kwa 74, nikaandika kwenye chati: hali nzuri. Muuguzi mkuu wa zamu akapita, akamgusa miguu, akamtazama anavyojigeuzageuza kitandani, akaniuliza mapigo. Yalikuwa 116, saa moja kabla yalikuwa 92. Akamwita daktari palepale. Mgonjwa alikuwa anavuja damu ndani. Alirudishwa chumba cha upasuaji, akapona.

Namba zote nilikuwa nazo mimi! Nilizisoma mojamoja, mwenzangu akazisoma pamoja na ule ubaridi wa miguu. Damu ikipungua, moyo huongeza kasi na mishipa ya mikono na miguu hujibana ili presha isishuke. Ukisubiri ishuke, umeshachelewa. Hayo niliyajibu vizuri kwenye mtihani, lakini kuyatambua kwa mtu aliyelala mbele yangu nilikuwa bado.

Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1984 hatua tano ambazo muuguzi hupitia, kutoka mwanagenzi hadi bingwa. Anasema hata bingwa akipelekwa wodi asiyoizoea anaweza kuwa mwanagenzi tena. Anasema pia kwamba uzoefu si kupita kwa miaka, ni pale ulichodhani kinapokutana na mgonjwa halisi kikarekebishwa. Hilo nalishika sana, maana nimeona watu wa miaka mingi wanaoandika pumzi 18 kwa dakika kwa kila mgonjwa bila kuhesabu.

Wewe hesabu, dakika nzima, mkono ukiwa bado kwenye mshipa kama unapima mapigo, asijue, maana akijua hubadilisha anavyopumua. Na moyo ukikuambia huyu hayuko sawa, mwite mkubwa wako hata kama huna namba ya kumwonyesha. Kisha zamu inayofuata uliza iliishaje. Mimi nina kidaftari, bila majina ya wagonjwa: nilichohisi, na kilichotokea. Kurasa za mwanzo nimekosea karibu kila mstari.

Leo naingia usiku. Wape mama na baba shikamoo zangu, na barua ijayo nieleze mgonjwa mmoja aliyekutia wasiwasi, tumfikirie pamoja.

Dada yako