Mzee mwenye ngalawa na neno la Kiingereza

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Natumai hapo Mombasa hamjambo nyote, na mwanetu ameshatulia baada ya yale ya shuleni.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Kwamba mtoto kapewa kifungu cha Kiingereza akifasiri, kakutana na "indigent persons", kaandika "wenyeji", na mwalimu kamnyima alama. Usimgombeze, shoga. Kachanganya "indigent" na "indigenous", na maneno hayo yamewachanganya watu wazima wenye shahada zao. Yote mawili yametoka Kilatini na yana kipande kimoja cha mbele chenye maana ya "ndani". Baada ya hapo kila moja lina ukoo wake. "Indigenous" limejengwa juu ya kuzaliwa, aliyezaliwa humo ndani, ndiyo maana ya mwenyeji. "Indigent" limejengwa juu ya kitenzi "egere", yaani kuhitaji, kukosa kitu unachokihitaji. Mwambie alikumbuke hivyo: huyu kazaliwa hapa, yule kapungukiwa.

Sasa swali lako lenyewe: aandike nini? Umaskini? Ufukara? Hapo ndipo nimeona nikuandikie barua badala ya kukujibu kwa simu, maana neno hili nimewahi kulikosea vibaya kuliko mtoto. Yeye alikosa alama. Mimi nilimvunjia heshima mtu wa umri wa baba yangu.

Unajua kazi yangu ya usaidizi wa kisheria. Sheria yetu ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inasema msaada wa bure ni wa "indigent person", na inaeleza kwamba ni mtu ambaye kipato chake hakimtoshi kumweka wakili wa kumlipa. Basi siku moja akaja mzee mmoja mvuvi, ana shauri la kiwanja. Jirani kahamisha vigingi usiku, asubuhi mzee kaamka uwanja wake umepungua hatua nne. Alikuja na hati zake ndani ya bahasha ya kaki iliyolainika kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Vidole vyake vina makovu ya mshipi, mstari juu ya mstari. Nikamkaribisha, nikamsikiliza vizuri, kisha nikashika fomu. Kwa haraka zangu, na foleni ilikuwa ndefu, nikauliza:

"Baba, wewe ni maskini?"

Akaniangalia. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mwanangu, mimi nina ngalawa yangu. Mke wangu hajalala na njaa tangu nimuoe." Akaichukua bahasha, akavaa kofia yake, akatoka. Foleni nzima ilikuwa imesikia.

Sikulala vizuri siku ile. Nilijiambia kosa ni la neno, maana sisi hatuna jina la "indigent". Uongo. Maneno tunayo tele, ila kila moja lina uzito wake, na mimi nilichukua la kwanza lililonijia mdomoni. "Maskini" twalisema hata kwa huruma, mtoto akianguka: "Maskini, pole!" Lakini ukimuuliza mtu mzima kama yeye ndiye, umempa jina. "Fukara" ni zito zaidi. "Hohehahe" usimwambie mtu usoni. "Ukata" ni la mfukoni, linakuja na kuondoka. Ndiyo maana magazeti ya michezo huandika timu imekumbwa na ukata, wala hakuna anayeona imetukanwa. Na dirishani hospitali, asiyeweza kulipa hasemi yeye ni nani, anasema anaomba msamaha, akapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii. Watu wenyewe wameshatafuta njia ya kulisema jambo bila kujivua nguo.

Nikakumbuka tulivyosoma chuoni tukiwa wadogo, ile aya ya zaka katika Sura ya Tisa ya Qurani. Wa kwanza kutajwa ni mafakiri, kisha masikini. Kama ni kitu kimoja, kwa nini watajwe mbali mbali? Wanazuoni wametofautiana nani yuko chini zaidi. Imamu Shafii, ambaye sisi wa pwani ndiye tunayemfuata, anaona fakiri ndiye aliyeishiwa hasa, na masikini ana kitu ila hakimtoshi. Imamu Abu Hanifa anaona kinyume chake. Na unajua hoja wanayoitoa wafuasi wa Shafii? Ni ile jahazi ya Sura ya Al-Kahf, ambayo Khidhri, yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa, aliitoboa ili mfalme asiinyang'anye. Wenye jahazi ile wanaitwa masikini, watu wafanyao kazi baharini. Wana chombo, na bado ni masikini.

Shoga, nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Mzee wangu ana ngalawa! Alichonijibu kama ushahidi kwamba yeye si maskini, wanazuoni wamekijadili kwa karne nyingi. Na "fukara" letu lenyewe, ukilichungulia, ni wingi wa "fakiri" kwa Kiarabu. Tumechukua neno la kundi zima tukambandika mtu mmoja.

Waingereza nao wana kisa chao. Kabla ya "indigent" kushika mahakamani, neno lilikuwa "pauper", na hilo kwao lilinuka. Sheria yao ya 1697 ilimtaka kila aliyepokea msaada wa parokia, pamoja na mke na watoto wake, ashonewe begani, mkono wa kulia, kitambaa chekundu au cha buluu chenye herufi kubwa P pamoja na herufi ya kwanza ya jina la parokia. Mtoto anakwenda kisimani na P begani. Sheria hiyo ilikaa zaidi ya miaka 100, hadi 1810. Neno lilisafiri na dola yao likaingia kwenye kanuni za madai za India za 1908, ambazo na sisi huku tulirithi nyingi. Mwaka 1976 India wakalifuta "pauper" wakaweka "indigent person". Kwenu Kenya kanuni za 2010, Amri ya 33, bado ziliandika "paupers". Sijui wewe waonaje, mimi naona India walifanya jambo la haki. Na ndani ya kanuni ile ya 1908 kuna kitu kimoja nilikipenda: katika kupima mali ya mtu, mahakama haihesabu nguo zake za kuvaa, wala kile kitu kinachogombewa. Yaani mzee hawezi kuambiwa "una kiwanja" wakati kiwanja ndicho anachokililia.

Mwambie mtoto pia kwamba neno hili si la nyumbani. Hakuna Mwingereza anayepunguziwa bei ya samaki kwa kusema "I am indigent". Liko kwenye makaratasi: mahakamani, hospitalini, manispaa. Afrika Kusini kaya hujiandikisha manispaa kwa jina hilo hilo ili zipate maji na umeme wa msingi bila malipo. Marekani ndilo lililobeba kesi ya Clarence Earl Gideon wa Florida, aliyeshtakiwa mwaka 1961 kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili, hakimu akamjibu kwamba sheria ya Florida inampa wakili wa bure mwenye kosa la kunyongwa tu. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani akaiandikia Mahakama ya Juu kabisa ya nchi kwa penseli, kwenye karatasi za gereza. Mwaka 1963 majaji wote 9 wakakubaliana naye, kesi ikarudiwa, safari hii ana wakili, na wazee wa baraza wakamwona hana hatia. Mtu yule yule, mashtaka yale yale. Hicho ndicho neno linachobeba likitumiwa sawasawa: linafungua mlango, halimpigi mtu chapa.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nikashuka pwani kumtafuta mzee. Nikamkuta ameiegesha ngalawa mchangani, anaipaka sifa. Ile harufu ya mafuta ya papa unaijua. Nikamwamkia, nikamtaka radhi kwanza. Akaendelea kupaka. Nikakaa juu ya gogo nikangoja, kisha nikamuuliza vingine:

"Baba, una uwezo wa kumlipa wakili?"

Akacheka hadi akaweka kitambaa chini. "Wakili? Hata hii nikiiuza haifiki. Na nikiiuza, wakili nitakuwa nimempata, kesho tutakula nini?"

Shoga, hiyo ndiyo tafsiri. Hakuna kamusi iliyonieleza vizuri kuliko hivyo. "Asiye na uwezo", na ukipenda uongeze uwezo wa nini. Mtoto akiandika "watu wasio na uwezo" yuko sawa. Kama kifungu si cha sheria, "wahitaji" litafaa, na ndilo lililo karibu na lile la Kilatini. "Fukara" aliache kwa pale ambapo mwandishi mwenyewe amekusudia kuuma.

Fomu tuliijazia pale pale juu ya ubavu wa ngalawa. Dole gumba lake lilikuwa na mafuta, tukalifuta mara tatu ndipo wino ukashika. Wakili amepatikana, na shauri limepangwa Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi. Jana amempa mjukuu wake ujumbe aje aniulize: siku hiyo avae kanzu au shati? Nimemwambia kanzu.

Nisalimie wote, na mtoto umbusu.

Ni mimi shoga yako