Barua ya wazi kwa MD wetu wa maji: upotevu mnaujua mpaka nukta, majeruhi je?

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji, shikamoo.

Jina la mamlaka yetu silitaji na langu pia silitaji, naamini unaelewa kwa nini, kazi yangu bado naipenda. Mamlaka za maji nchi hii ziko nyingi kwa hiyo MD yeyote atakayesoma hapa akajiona basi ajione tu, sina ugomvi na mtu. Na nimeiweka wazi kwa sababu ile njia ya foromani, halafu meneja wa kanda, halafu rasilimali watu, tumeipita sana na kila mara jambo linaishia njiani.

Ishu yenyewe ni hii. Kila mwezi kwenye kikao cha utendaji mnawekewa upotevu wa maji kwenye projekta, kanda kwa kanda, asilimia na nukta yake, meneja ambaye upotevu wake umepanda anasimama anajieleza mpaka jasho linamtoka, maana EWURA, wale wadhibiti wa huduma za maji na nishati, wanataka tuwe chini ya asilimia 20 na ripoti yao ikitoka kila mamlaka inaonekana imeshika nafasi ya ngapi. Safi kabisa, sipingi. Sasa niambie Mkurugenzi, mwezi uliopita wameumia watu wangapi kazini kwetu? Waliokufa tunawajua, gari la ofisi linapeleka msiba. Naongelea waliokatika vidole, walioungua na klorini, walioangukiwa na udongo, walioumwa na mbwa wakisoma mita, waliodondoka na pikipiki za ofisi ambazo tairi la nyuma limebaki uzi. Hiyo namba haipo, na hata ukiitaka kesho asubuhi hakuna mtu wa kukupa.

Ngoja nikupe mmoja tu. Bomba la inchi nane lilipasuka usiku pembeni ya barabara, mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Kijiko kikachimba mpaka kina cha kuzidi mtu, udongo wote kikaumwaga pale pale ukingoni kwa sababu upande wa pili kuna ukuta wa watu. Kibarua mmoja akashuka kusafisha bomba ili tufunge kaplingi, kile kiungo cha bomba, akainama, ukuta wa mtaro ukashuka wote kwa mkupuo ukamfunika mpaka kifuani. Hakupiga hata kelele, na kelele utapigaje wakati hewa haiingii, alikuwa anatutolea macho tu. Tulimchimbua kwa mikono, chepe tuliliogopa lisije kumkata. Akatoka mzima, tukamkalisha, akapewa maji ya chupa na nauli ya bodaboda aende kwao, sisi tukarudi mtaroni, ule ule, maana mtaa mzima haukuwa na maji na simu za huduma kwa wateja zilikuwa hazipoi.

Asubuhi kwenye grupu la WhatsApp la kanda ikawekwa picha ya bomba limeshafungwa, "kazi nzuri timu", vidole gumba vya kutosha. Ripoti ya kazi ikaandikwa vizuri tu, kipenyo cha bomba, saa ya kufunga valvu, saa ya kufungua, vifaa vilivyotumika, lita za dizeli. Mtu aliyefukiwa hakuna mahali pa kumwandika, fomu haina hicho kisanduku. Siku chache mbele kibarua yule hakuonekana tena saiti, akaitwa mwingine.

Kwa wasioijua hii kazi, udongo wa mita moja ya ujazo una uzito wa tani moja na nusu hivi na ukiloa unazidi, yaani ni gari dogo limekukalia kifuani. Huhitaji kufunikwa kichwa ndo ufe, kifua kikibanwa inatosha. Marekani sheria yao inadai mtaro ukifika futi tano, kama mita moja na nusu, ukuta ukingwe kwa mbao au boksi la chuma, au ukatwe kwa mteremko, labda uwe ni mwamba mtupu. Sisi kwenye mita moja na nusu ndo kwanza kazi inaanza.

Sasa fikiria tukio lile lingeandikwa, hata nusu ukurasa. Usiku, baada ya mvua, kifusi kimewekwa ukingoni, hakuna mbao, aliyeshuka ni kibarua ambaye hajawahi kufundishwa chochote, na timu ilikuwa kazini tangu asubuhi. Lingine likitokea kanda nyingine likaandikwa hivyo hivyo, na lingine, baada ya muda unayapanga mezani unaona yanafanana: ni usiku, ni masika, ni kifusi kuwekwa karibu. Hapo huhitaji mshauri mwelekezi wa kukulipisha, unatoa agizo la mistari miwili kwamba kifusi kikae mbali na ukingo na mtu asishuke mtaro uliopita kiuno bila mbao, basi, umeokoa mtu ambaye hutamjua hata jina. Kinachotukwamisha ni kwamba kila ajali kwetu inakuwa ya kwanza.

Na sio zilizoumiza tu, zile za nusura, ambazo mtu amekoswakoswa, pia ziandikwe. Kwenye majitaka ndo utaona umuhimu wake. Gesi ya kwenye chemba inanuka yai viza, kila mtu anaijua, ila ambacho wengi hawajui ni kwamba ikiwa nyingi inaua pua, harufu inapotea, mtu anadhani hewa imekuwa nzuri kumbe ndo imekuwa mbaya zaidi. Anadondoka, mwenzake anaruka kumfuata bila kufikiri, naye anadondoka, ndo maana ukisikia habari za vifo vya kwenye chemba popote duniani mara nyingi ni wawili watatu kwa pamoja. Kuna jamaa yetu aliwahi kupanda juu anayumba, akatapika, macho mekundu, akaenda zahanati akaandikiwa dawa za malaria na ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, ya siku mbili. Ikaishia hapo. Ile ilikuwa ni taarifa ya bure kabisa kwamba chemba ile inaua, na tuliitupa. Kipima gesi tunacho, kimoja, kipo stoo, mtunza stoo anasema mpaka kisainiwe na mhandisi, na mhandisi saa nane usiku utampata wapi.

Hapo kwenye ED ndo nataka usimame kidogo Mkurugenzi. Ukitaka kujua ukweli hata kabla fomu mpya haijachapwa, waambie rasilimali watu wakutolee ED zote za mwaka uliopita za mafundi bomba, majitaka, wasoma mita na watu wa mtambo wa kutibu maji, wazipange kwa sababu, kwa kanda na kwa mwezi. Utakuta mgongo, mgongo, kidole, jicho, mguu, kifua. Hizo ni ajali zenu, zimekaa kwenye mafaili zikiitwa ugonjwa. Najua ukikuta mgongo wa fundi wa miaka hamsini utasema ni umri, sawa, ila migongo minne ya kanda moja mwezi mmoja ni ule mfuniko wa chemba wa chuma ambao winchi yake imekufa.

Utauliza mbona hatusemi. Tunasema, ila mara moja tu, ukishaona kilichompata aliyesema unanyamaza. Fundi aliyeripoti kukatwa na grainda alipewa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua kwa uzembe. Fomu iliyopo swali lake la tatu ni "taja uzembe uliosababisha ajali", kwa hiyo hata hujaeleza kilichotokea umeshakiri kosa. Halafu kuna lile bango la getini la SIKU BILA AJALI, namba inabadilishwa kila asubuhi na tunapita tunacheka, na ile tabia ya kanda yenye ajali sifuri kupewa cheti Mei Mosi. Meneja gani ataandika ajali wakati sifuri ina cheti? Kwa akili yangu ya kifundi, kanda inayoleta ajali sifuri na nusura sifuri mwaka mzima huku inachimba mitaro kila siku, hiyo ndo ya kutembelewa kwanza tena bila taarifa.

Sheria sio kwamba hazipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni namba 5 ya mwaka 2003, na serikali kuwa mwajiri haitutoi humo, OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana haki ya kuingia kwetu kama wanavyoingia kiwandani. Inataka wawakilishi wa usalama wa wafanyakazi na kamati. Kamati yetu ipo, naijua kwa fulana zake za tarehe 28 Aprili, siku ya usalama kazini duniani. Na upande wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ndo panauma zaidi, maana mamlaka inachangia asilimia 0.5 ya mishahara kila mwezi, pesa inatoka, lakini ajali isiporipotiwa ndani ya siku 7 na madai yasipopelekwa ndani ya miezi 12 mtu wetu anaanza kubembeleza kitu ambacho ni haki yake. Matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, utengamao, malipo ya anayemhudumia, mpaka wategemezi akifariki, vyote vipo kwenye sheria ya mwaka 2008. Msoma mita aliyeumwa na mbwa amelipia sindano za kichaa cha mbwa mfukoni kwake na hakuna aliyemwambia kwamba ile ni ajali kazini. Na vibarua tunaowalipa kwa vocha, wanaoshuka mtaroni kuliko mtu yeyote, naomba mwanasheria wetu akueleze kwa maandishi wanahesabika wapi, mimi nikimuuliza ananiambia "hilo ni la kisera".

Sasa usije ukasoma hapa ukaagiza glavu. Nasema kwa heshima. Kila tukilalamika usalama tunaletewa glavu na gambuti, tena gambuti saizi moja, tunashukuru, tunavaa, lakini glavu haizuii ukuta wa mtaro. Vifaa kinga ndo mstari wa mwisho kabisa, mambo mengine yote yakishafanyika. Mfano mabomba ya zamani ya asbesto, bado tunayakuta ardhini, tunayakata kwa grainda makavu kabisa, vumbi jeupe linatuganda kwenye kope, na ile kitu madhara yake yanakuja baada ya miaka ishirini thelathini ukiwa umeshastaafu na hakuna atakayeunganisha kifua chako na bomba la mtaa fulani. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Kuloanisha bomba na kukata kwa msumeno wa mkono pole pole kunapunguza vumbi kwa gharama ya ndoo ya maji, na sisi maji tunayo jamani! Na mtu akiandikwa kwenye faili lake kwamba alifanya kazi na asbesto tarehe fulani mahali fulani, siku akiugua ana pa kuanzia.

Kwa hiyo ninachoomba ni namba. Fomu ya ukurasa mmoja, swali la kwanza nini kimetokea na sio nani amekosea, iweze kujazwa hata kwa kupiga simu ukamwambia wa zamu aandike, maana wengine mikono ina tope. Iwe na nafasi ya nusura. Iwahusu vibarua. Anayeripoti asipewe barua ya kujieleza kwa kuripoti, hilo litoke kwa maandishi na saini yako, la mdomo tumeshalisikia. Na mkipiga hesabu msilinganishe kanda kwa idadi tu, kanda ya mjini ina watu mara tatu ya ile ya kando, gawanyeni kwa saa zilizofanyiwa kazi, hata mahudhurio ya biometriki tuliyofungiwa kwa mbwembwe yatapata kazi ya maana. Miezi ya kwanza namba itapanda, usishtuke, usimfokee meneja yeyote, itakuwa imepanda kwa sababu watu wameanza kusema.

Halafu iwekwe kwenye projekta, slaidi ya kwanza, kabla ya upotevu wa maji. Meneja asimame ajieleze nayo vile vile, na swali lisiwe "nani mzembe", liwe "tangu lile la mwezi uliopita umebadilisha nini".

Mapitio ya bajeti ya nusu mwaka ni Januari. Mbao na jeki za kukinga mitaro kwa kila kanda, kipima gesi kwa kila gari la majitaka, na mafunzo ya siku moja kwa kibarua kabla hajashuka popote, hivi vitatu haviwezi kusubiri hiyo fomu ikamilike maana masika inaanza Machi. Afisa manunuzi ana bei zake, mwulize.

Wako mtiifu,
Fundi wa mtandao wa mabomba, zamu ya usiku