Mtandao wa nyumba nzima niliouziwa unaishia sebuleni

Tabata, Dar es Salaam
Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UFUNGAJI WA MTANDAO WA NYUMBANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa faiba, kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde. Wakala wenu aliyepita mtaani kwetu alikinadi kama "intaneti ya nyumba nzima", na maneno hayo yamo kwenye mkataba ninaouambatanisha. Nyumba yangu ina sebule na vyumba vinne. Intaneti yenu inafanya kazi sebuleni tu. Kwenye chumba cha nyuma hata ujumbe wa sauti unagoma kupakuliwa.

Fundi wenu alipitisha waya kwenye dirisha la sebuleni kwa sababu ndilo lililo karibu na nguzo, akaifunga ruta, kifaa kinachorusha Wi-Fi, hapohapo, nyuma ya televisheni, friji ikiwa ubavuni. Nilimwomba aisogeze hadi kwenye korido, katikati ya nyumba. Alijibu kwamba waya alionao hautoshi na kwamba mawimbi "yanapita popote". Hayapiti popote. Nyumba hii ni ya tofali za saruji, ina linta za zege na nondo, na kila ukuta unayapunguza. Masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, ndiyo yanayokatwa na kuta mapema. Yale ya gigahezi 2.4 yanafika mbali zaidi, lakini huku uswahilini yanagombaniwa na ruta za majirani wote. Mtu anayefunga mitandao kila siku anayajua haya.

Kisha akapima kasi. Alisimama mbele ya televisheni, simu yake ikiwa kiasi cha kiganja kimoja kutoka kwenye ruta, kioo kikasoma megabiti 20 na ushei, akakipiga picha, akaniletea fomu nisaini kwamba kazi imekamilika. Nilimwambia twende akapime na chumba cha nyuma. Huko ndiko iliko kompyuta, na huko ndiko ninakowafundishia wanafunzi wa kidato cha nne jioni kwa njia ya video. Alisema kampuni inataka kipimo kimoja tu. Kama ndivyo mlivyowaagiza, simlaumu kijana yule, nawalaumu ninyi. Mnapima mtandao pale ruta ilipo, na mteja anaulipia pale anapoutumia.

Nilipopiga simu huduma kwa wateja, jibu lilikuwa lilelile kila mara: zima ruta, subiri kidogo, washa, upande wetu kila kitu kiko sawa. Baadaye mkaniuzia kifaa cha kuongeza mawimbi, kwa malipo ya pembeni, na hapo mambo yakaharibika zaidi. Kwanza, fundi wa pili alikiweka chumba cha nyuma kabisa, mahali ambapo mawimbi ya sebuleni yanafika yameshachoka, kwa hiyo kinarudia kile kidogo kinachokipata. Tena kinapokea na kurusha kwa masafa yaleyale, kwa hiyo kasi inagawanyika karibu nusu. Pili, alikiacha kikifanya kazi kama ruta inayojitegemea. Ruta ya sebuleni inavigawia vifaa anwani, yaani namba za kuvitambulisha kwenye mtandao, zinazoanza na 192.168.1, na hiki kinagawa zake zinazoanza na 192.168.0. Printa iko kwenye mtandao wa kwanza, kompyuta iko kwenye wa pili, na kompyuta ikiitafuta printa haiioni. Nikitaka kuchapa mtihani nabeba kompyuta hadi sebuleni, ndani ya nyumba iliyofungwa mtandao na kampuni yenu mara mbili.

Dawa yake haihitaji kifaa kipya. Vuteni waya wa mtandao wa Cat6 kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma. Waya huo unahimili hadi mita 100, na nyumba yangu haifiki hata 20. Kifaa cha pili kizimwe kazi ya kugawa anwani, kibaki cha kurusha mawimbi tu. Hilo la pili ningelifanya mwenyewe leo, lakini nywila za kuingilia kwenye mipangilio ya vifaa vyote viwili mnazo ninyi na mmekataa kunipa, hata za kile ambacho nimekinunua kwa fedha yangu.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi kwa sababu linahusu usalama wa familia yangu. Nywila ya Wi-Fi ambayo fundi aliweka ni namba yangu ya simu, ileile iliyoandikwa kwenye bango la tuisheni getini. Pia aliacha WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwenye Wi-Fi kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila, ikiwa imewashwa. Tangu mwaka 2011 inajulikana wazi kwamba PIN yake ya tarakimu 8 inakaguliwa kwa vipande viwili, hivyo mtu anaweza kuipata kwa majaribio yasiyozidi takriban 11,000, kazi ambayo kompyuta inaifanya yenyewe. Nimeomba vyote viwili vibadilishwe. Bado.

Ninachotaka ni hiki: mlete fundi mwenye waya wa kutosha, ruta ihamie korido, chumba cha nyuma kipate waya wake, WPS izimwe, nikabidhiwe nywila za vifaa vyote, na kasi ipimwe katika kila chumba nikiwa nashuhudia kabla sijasaini chochote. Fedha ya kile kifaa cha kuongeza mawimbi irudishwe, kwa kuwa niliuziwa kufunika kasoro ya ufungaji wenu. Nimewaandikia ninyi kwanza kwa sababu ndio utaratibu unaotakiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Nisipopata jibu la maandishi, barua hii na picha nilizoambatanisha zitapelekwa kwao.

Naomba jibu lenu mapema.

Mteja wenu,
(Jina na namba ya mkataba vimo kwenye kiambatanisho)