Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: sare za watoto mwaka huu

Ndugu wanachama, salaam kwenu nyote. Najua siku ya mkutano wengi mlishindwa kufika kwa ile mvua, kwa hiyo nawaandikia hapa hapa yale yale niliyosema pale, bila kupamba.

Mwaka huu tumevalisha watoto 38. Mwaka jana walikuwa 52 na mtaniuliza mbona tumeshuka, basi mwaka jana tulienda Kariakoo tukabeba za jumla zilizoshonwa tayari, tukarudi na mafurushi tukagawa paredi, watoto wanaitwa majina huku sie tunapiga picha. Kuna dogo mmoja wa la tano alipokea, akashukuru, halafu hakuivaa hata siku moja. Bibi yake akaniambia eti akiivaa wenzie wanamwita mtoto wa msaada. Aliyesema tugawe paredi ni mimi, nalibeba mwenyewe.

Safari hii tumenunua kitambaa, tetroni nyeupe na ya bluu, na mafundi wawili wa hapa hapa Mbagala wamempima kila mtoto kimya kimya kama mteja mwingine yeyote. Tumewaambia waache pindo la maana, vidole vinne ndani, mtoto akirefuka mama anafumua anashusha na mwaka wa pili unapita. Bei imezidi ya dukani, sikatai, ila zile za dukani kaptula ilikuwa inaachia nyuma kabla hata likizo ya mwezi wa sita haijafika.

Tulipokwama ni kwenye sweta. Kuna shule moja, jina naliacha, sweta yenye nembo lazima ununue ofisini kwao, na bei yake inapita shati na kaptula kwa pamoja. Tumeenda mara tatu, mara zote mkuu yuko kikaoni. Watoto 9 wa pale mpaka leo hawana sweta. Viatu tulichukua vya mtumba, vyeusi, tukavisugua vikang'aa, sina aibu navyo.

Halafu kuna wanaotuambia si elimu bure jamani? Ada ndo iliyofutwa, 2016 mpaka form four, 2022 wakaongeza five na six. Sare bado ni ya mzazi. Na wanaobanwa hasa ni wa kuingia form one maana kila kitu kinabadilika kwa mpigo. Kuna binti alifaulu la saba, nikamkuta mama yake anakaanga vitumbua, fomu ya kujiunga kaikunja kaiweka chini ya kopo la sukari, mteja akiondoka anaichomoa anaisoma tena, sketi mbili, mashati mawili, sweta, viatu, soksi, karatasi imeshaanza kuloa mafuta. Tulimmalizia kila kitu lakini aliripoti wiki tatu nyuma ya wenzie, kwa sababu michango yenu ilichelewa. Harusi ya Desemba mlimaliza kuchanga kwa siku nne, nilikuwa nahesabu.

Mapato na matumizi mweka hazina atawatumia pamoja na risiti. Kitambaa cheupe kimebaki kama mita 11, kiko kabatini kwangu. Majina ya watoto wa kuvalishwa Januari leteni kabla Novemba haijaisha, Desemba mafundi hawashikiki na nguo za sikukuu. Na aliyeondoka na futi ya fundi siku ya kupima airudishe.